Kuunganisha Miksa, Amplifaya na Spika kwa Kebo Zinazofaa: Mwongozo Kamili

Katika maduka ya vifaa vya umeme ya Luthuli Avenue jijini Nairobi, kebo ya gitaa, kebo ya spika na kebo ya kuunganisha miksa na amplifaya zinaweza kuning'inia kwenye msumari mmoja, zote zikiwa na jeki ya milimita 6.35 kila upande na ganda jeusi la mpira, na mnunuzi asiyezijua atazichukua kana kwamba zote ni mamoja. Umbo la jeki halielezi kazi ambayo kebo ilitengenezewa. Matatizo mengi ya sauti katika makanisa, misikiti, kumbi za harusi na mahema ya mikutano, kuanzia mvumo usiokoma hadi amplifaya kuungua, huanzia kwenye kebo iliyochaguliwa kwa kutazama ncha yake tu. Mwongozo huu unafuata njia ya sauti kutoka kwenye maikrofoni hadi kwenye spika, na katika kila hatua unaeleza kebo inayostahili na sababu yake.

Viwango vitatu vya umeme wa sauti

Kabla ya kuchomeka chochote, fahamu ni umeme wa kiwango gani utakaopita ndani ya kebo. Maikrofoni ya kawaida ya kushika mkononi hutoa milivolti chache tu mwimbaji anapoimba karibu nayo. Miksa huikuza ishara hiyo hadi kiwango kiitwacho laini, ambacho katika vifaa vya kitaalamu ni takriban volti 1.23 na katika vifaa vya nyumbani, kama vile deki ya DVD, ni takriban volti 0.32. Amplifaya nayo huipokea ishara ya laini na kuipa nguvu ya kusukuma spika: amplifaya inayotoa wati 400 kwa spika ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi kifaa kinavyozuia umeme kupita) inatoa volti 40 na ampea 10. Kutoka milivolti 2 za maikrofoni hadi volti 40 za spika ni ongezeko la mara 20,000, na ndiyo maana hitilafu ndogo mwanzoni mwa njia husikika ikiwa kelele kubwa mwishoni.

Ishara ya maikrofoni na ile ya laini zinahitaji kinga, yaani nyaya nyembamba zilizozungukwa na wavu wa shaba unaozuia mawimbi ya nje yasiingie. Mkondo wake ni mdogo mno, hivyo unene wa waya hauongezi faida yoyote. Ishara ya spika haihitaji kinga, kwa kuwa milivolti chache za mvumo haziwezi kusikika mbele ya volti 40, lakini inahitaji nyaya nene zinazopitisha ampea nyingi bila kupata joto.

Tuseme basi kwamba fundi amechukua kebo ya gitaa yenye waya wa ndani wa milimita mraba 0.22 na kuiunganisha kwenye spika ya omu 4 iliyo umbali wa mita 10. Ukinzani wa kebo hiyo, kwenda na kurudi, unakaribia omu 1.6, kwa hiyo zaidi ya robo ya nguvu inayotoka kwenye amplifaya hugeuka joto ndani ya kebo badala ya kufika kwenye spika. Plastiki ya ndani ikilainika kwa joto hilo, waya wa katikati hugusa wavu, na amplifaya inapata shoti katikati ya ibada au sherehe. Kosa la upande wa pili halina hatari kubwa lakini linaudhi: kebo ya spika ikitumiwa kwa gitaa, hupokea mvumo wa umeme wa hezi 50 na wakati mwingine hata matangazo ya redio, kwa sababu haina wavu wa kuizuia ishara ya nje.

Njia ya kuzitofautisha ni kusoma maandishi yaliyochapwa kwenye ganda na, panapowezekana, kufungua kifuniko cha jeki na kutazama ndani. Kebo ya spika ina nyaya mbili nene zinazolingana. Kebo ya ishara ina waya mmoja au miwili myembamba ikizungukwa na wavu. Jeki nyingi hufunguliwa kwa mkono bila kifaa chochote, na mwuzaji anayekataa usiitazame kebo ndani hafai kuuziana nawe.

Maikrofoni na ala hadi kwenye miksa

Maikrofoni huunganishwa kwa kebo ya XLR yenye pini tatu, ambapo pini ya 1 ni ya kinga, ya 2 ni chanya na ya 3 ni hasi. Kebo hii imesawazishwa, maana yake ni kwamba ishara ileile hupelekwa katika nyaya mbili, moja ikiwa kinyume cha nyingine. Kelele ya njiani huziingia nyaya zote mbili kwa kiasi sawa, kisha miksa hutoa tofauti kati yake, hivyo kelele hujifuta na sauti hubaki. Kwa sababu hiyo kebo ya XLR iliyo nzima inaweza kwenda mita 50 au zaidi bila shida. Ukichanganyikiwa kuhusu mwelekeo, tazama pini: upande wenye pini ndio unaotoa ishara, na upande wenye matundu ndio unaopokea.

Kinanda na gitaa kwa kawaida hutumia jeki ya sehemu mbili, yenye mstari mmoja mweusi, ambayo haijasawazishwa. Kebo ya namna hiyo isizidi mita 5 au 6. Ikiwa miksa iko nyuma ya ukumbi na kinanda kiko jukwaani, weka kisanduku cha DI kando ya kinanda: unaingiza jeki fupi upande mmoja, na upande wa pili unatoka na kebo ya XLR iliyosawazishwa hadi kwenye miksa. Kisanduku hiki kina swichi ndogo ya kukata uhusiano wa ardhi, na swichi hiyo pekee mara nyingi huondoa mvumo wa kinanda ambao watu wamekuwa wakiuvumilia kwa miaka.

Volti 48 ambazo miksa hupeleka kwa maikrofoni za kondensa, yaani zile zinazohitaji umeme ili zifanye kazi, zizimwe kabla ya kuchomeka au kuchomoa kebo, kisha ziwashwe.

Simu na kompyuta zinahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu hapa ndipo mafundi wengi wanapopotea. Tundu la simu la milimita 3.5 hutoa njia mbili, kushoto na kulia, na jeki yake ina sehemu tatu. Jeki ya milimita 6.35 iliyosawazishwa nayo ina sehemu tatu. Mtu akiona zinafanana, hununua kebo yenye jeki ndogo upande mmoja na kubwa upande wa pili, anaichomeka kwenye tundu la laini la miksa, halafu anashangaa kwamba ala zinasikika kwa mbali na mwimbaji hasikiki kabisa. Sababu ni kwamba miksa hudhani imepokea ishara iliyosawazishwa, hivyo inatoa upande wa kulia kutoka upande wa kushoto. Na kwa kuwa sauti ya mwimbaji hurekodiwa sawasawa pande zote mbili, inajifuta yenyewe. Kebo inayotakiwa hapo ni ile inayogawanyika kama herufi Y, yenye jeki ya milimita 3.5 upande mmoja na jeki mbili za sehemu mbili upande wa pili, moja kwa kila njia ya miksa. Kama miksa ina matundu ya RCA, tumia kebo ya milimita 3.5 kwenda RCA mbili. Bwana harusi ambaye wimbo wake wa kuingilia ukumbini umetoka bila mwimbaji hatajali maelezo ya kiufundi, kwa hiyo ijaribu simu yenyewe, kwa wimbo wenyewe, kabla ya wageni kufika.

Kutoka miksa hadi amplifaya

Hapa ishara ni ya laini, na kebo ifaayo ni XLR kwa XLR au jeki ya sehemu tatu kwa XLR, zote zikiwa zimesawazishwa. Katika jeki, ncha hubeba chanya, pete ya kati hubeba hasi na shina hubeba kinga, hivyo ncha huunganishwa na pini ya 2, pete na pini ya 3, na shina na pini ya 1. Toka kwenye matundu makuu ya miksa yaliyoandikwa MAIN OUT hadi kwenye njia A na B za amplifaya.

Wengi hukosea pia mahali pa kuiweka amplifaya. Huiweka kando ya miksa, nyuma ya ukumbi, ili fundi awe karibu na vitu vyake, kisha wananyoosha kebo za spika mita 30 hadi jukwaani. Afadhali kufanya kinyume chake. Kebo ya laini iliyosawazishwa haipotezi chochote cha kusikika katika umbali huo, ilhali kebo ya spika hupoteza nguvu kila mita inayoongezeka, kwa hiyo amplifaya ikae karibu na spika na kebo ndefu iwe ile inayotoka kwenye miksa.

Nyuma ya amplifaya kuna swichi ya kuchagua namna ya kufanya kazi: stereo, sambamba au daraja. Kwa kanisa au ukumbi wa mikutano, ninapendekeza sambamba, yaani kupeleka ishara ileile pande zote, kwa sababu aliyeketi kushoto ana haki ya kusikia kila kitu kama aliyeketi kulia. Daraja huunganisha njia mbili za amplifaya ziwe moja yenye nguvu kubwa, lakini kila njia huiona spika kana kwamba ukinzani wake ni nusu: spika ya omu 8 inaonekana kama omu 4, na ya omu 4 kama omu 2. Kabla ya kulitumia, soma kiwango cha chini kilichoandikwa nyuma ya amplifaya, na uone pia ni vituo gani (sehemu za kufungia nyaya za spika) vinavyotumika, kwa kuwa havifanani na vya stereo.

Ikiwa spika zako zina amplifaya ndani yake, hatua hii inakwisha mapema: XLR inatoka kwenye miksa hadi kwenye spika moja kwa moja. Usiunganishe kamwe tundu la spika la amplifaya na tundu la kuingizia la spika ya namna hiyo, kwa sababu volti 40 zitaiunguza sakiti iliyotengenezewa volti 1.

Kutoka amplifaya hadi spika

Anza na hesabu ya omu, kwani kebo nzuri haiwezi kuiokoa amplifaya iliyobebeshwa mzigo kupita kiasi. Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, hutoa omu 4. Tatu hutoa takriban omu 2.7, na nne hutoa omu 2. Kumbuka kwamba tundu la pili lililo nyuma ya spika nyingi, ambalo hutumiwa kuendeleza kebo hadi spika inayofuata, ni uunganisho sambamba, hivyo kila spika unayoiongeza hapo inapunguza omu. Amplifaya iliyoandikwa kiwango cha chini cha omu 4 isipewe zaidi ya spika mbili za omu 8 kwa kila njia. Kama kibandiko cha spika kimefutika, ipime kwa maltimita ikiwa haijaunganishwa na kitu: spika ya omu 8 husoma karibu omu 6, na ya omu 4 husoma kidogo zaidi ya omu 3.

Baada ya hapo chagua unene. Kwa shaba halisi, kebo ya mita 20 yenye nyaya za milimita mraba 0.75 ina ukinzani wa takriban omu 0.92, kwenda na kurudi. Mzigo ukiwa omu 4, karibu asilimia 19 ya nguvu hupotelea njiani. Ukitumia milimita mraba 2.5, ukinzani unashuka hadi takriban omu 0.28 na upotevu hadi asilimia 6 na kitu; kwa milimita mraba 4, upotevu ni kama asilimia 4. Ninashauri milimita mraba 1.5 kwa umbali usiozidi mita 10, milimita mraba 2.5 hadi mita 20, na milimita mraba 4 kwa umbali zaidi ya huo au kwa spika za besi. Anayenunua amplifaya ya bei kubwa kisha akabana matumizi kwenye kebo amelipia wati ambazo hazitafika kwa wasikilizaji.

Jihadhari na kebo za alumini iliyopakwa shaba, ambazo zimejaa sokoni na huuzwa kwa rangi na unene uleule wa kebo za shaba. Alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 60 tu ya uwezo wa shaba, hivyo kebo hiyo ya milimita mraba 2.5 hufanya kazi karibu na ya shaba ya milimita mraba 1.5. Zaidi ya hayo hukatika upesi inapokunjwa mara kwa mara. Kuitambua ni rahisi: kwaruza uzi mmoja kwa kisu, na ukiona weupe ndani, si shaba tupu. Kebo hiyo pia ni nyepesi kupita kawaida ukiipima mkononi.

Kwa ncha, ninaipendelea Speakon ya kampuni ya Neutrik kuliko jeki. Jeki ikichomolewa amplifaya ikiwa imewashwa inaweza kugusanisha chanya na hasi, ilhali Speakon hujifunga kwa kuzungushwa na vituo vyake haviguswi kwa kidole. Aina ya NL4 ina vituo vinne, 1+, 1−, 2+ na 2−. Kwa spika ya kawaida hutumika 1+ na 1− pekee. Waya wa chanya uende 1+ katika ncha zote mbili za kebo. Spika moja ikigeuzwa chanya kwa hasi huku nyingine ikiwa sawa, koni moja inasukuma hewa wakati nyingine inaivuta, na mtu aliyesimama katikati ya ukumbi atasikia besi imetoweka. Betri ya volti 1.5 inatosha kuhakikisha: gusisha chanya ya betri kwenye chanya ya kebo na hasi kwenye hasi kwa sekunde moja, upande wa spika ukiwa umeunganishwa, huku amplifaya ikiwa imechomolewa. Koni ikisogea nje, uunganisho ni sahihi. Jaribio hili lifanyike kwa spika ya besi au ya kati, si kwa spika ndogo ya sauti kali.

Pembe za volti 100

Pembe zinazowekwa kwenye minara ya misikiti, viwanja vya shule na vituo vya magari mara nyingi hutumia mfumo mwingine. Amplifaya hutoa volti 100, na kila pembe ina transfoma yenye vituo vya wati 5, 10, 20 au 30. Hapa hakuna haja ya kuhesabu omu. Unajumlisha wati za vituo ulivyochagua, na jumla isizidi asilimia 80 hivi ya uwezo wa amplifaya. Kwa kuwa volti ni kubwa, mkondo ni mdogo, ndiyo maana waya wa milimita mraba 1.5 unaweza kwenda mamia ya mita. Spika ya omu 8 isiyo na transfoma isiunganishwe kwenye vituo vya volti 100, kwani itaungua papo hapo. Kituo cha omu na kituo cha volti 100 vya amplifaya moja visitumike kwa pamoja. Volti 100 zinaweza kumdhuru mtu, hivyo maungio yote yafunikwe. Pembe zinapoelekezwa nje, kumbuka pia kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, ambazo NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, huzisimamia.

Umeme wa ukutani na mvumo

Umeme wa Kenya ni volti 240 kwa hezi 50. Mvumo unaosikika kwenye spika hata miksa ikiwa kimya kwa kawaida hutokana na miksa na amplifaya kupata ardhi kupitia njia mbili tofauti, moja kwenye soketi ya jukwaani na nyingine kwenye soketi ya ofisi iliyo nyuma. Dawa yake ni kuvuta ekstensheni moja kutoka jukwaani hadi kwenye miksa ili vifaa vyote vitoke kwenye chanzo kimoja. Katika majengo yenye umeme wa fezi tatu, soketi mbili zinaweza kuwa kwenye fezi tofauti zenye volti 415 kati yake, na hiyo ni sababu nyingine ya kutumia chanzo kimoja.

Wapo wanaoukomesha mvumo kwa kuikata pini ya ardhi ya plagi. Tafadhali usifanye hivyo, wala usimruhusu mtu akufanyie. Kifaa kikipata hitilafu, umeme utatafuta njia nyingine ya kufika ardhini, na njia hiyo ni mkono na midomo ya mwimbaji aliyeshika maikrofoni. Ikiwa mvumo umebaki hata baada ya kutumia chanzo kimoja, kata waya wa kinga upande mmoja tu wa kebo ya laini, ule unaoingia kwenye amplifaya, na uache pini za 2 na 3 zikiwa zimeunganishwa.

Kwa mikutano ya mahemani, hasa wakati wa mvua za masika kati ya Machi na Mei na za vuli kati ya Oktoba na Desemba, inua maungio yote kutoka kwenye nyasi na uweke kikata umeme cha usalama cha miliampea 30 mwanzoni mwa ekstensheni. Jenereta nayo iunganishwe na ardhi.

Kuwasha, kujaribu na kuzima

Shusha vitelezi vyote vya miksa na vifundo vya amplifaya. Washa vyanzo vya sauti, kisha miksa, na mwisho amplifaya. Mwombe mwimbaji aimbe kwa nguvu atakayotumia kwelikweli, si kuhesabu moja mbili tatu kwa sauti ya chini, na upandishe kifundo cha geini, kile kinachokuza ishara inayoingia, hadi taa za miksa zifike karibu na alama ya 0. Baada ya hapo pandisha kitelezi kikuu, na amplifaya iwe ya mwisho kupandishwa. Sikiliza spika moja baada ya nyingine. Tikisa kila kebo taratibu karibu na jeki yake. Inayokatakata iondolewe mara moja na kufungwa fundo, ili mtu mwingine asiichukue tena siku hiyo.

Wakati wa kuzima, amplifaya hutangulia na miksa hufuata. Umeme ukikatika ghafla, zima amplifaya kabla haujarudi, kwa sababu unaporudi vifaa huamka vyote kwa pamoja na mshtuko wa miksa hupita moja kwa moja hadi kwenye spika; subiri dakika chache umeme utulie, kisha urudie utaratibu wa kuwasha tangu mwanzo.